Fundi wa Penseli Isiyochongwa: Maisha ya Tokuji Hayakawa (1893–1980)

Katika kurasa hizi aghalabu huwa tunasoma habari za majemadari, malenga na wapigania uhuru. Hao wote ni watu wa kusifiwa, wala sina nia ya kuwapunguzia heshima yao. Lakini mwaka huu nimeonelea niwaletee habari za mtu wa aina nyingine kabisa. Mtu huyu hakushika bunduki wala hakuhutubia umati. Alishika tupa na nyundo ndogo, akatengeneza penseli. Najua wapo watakaocheka. Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Nami nasema mdharau penseli asome mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe.

Kila shule ina watu na mapenzi yao. Wapo wa mpira, wapo wa kwaya, wapo wa mijadala. Mimi na wenzangu wachache tunapenda penseli za kubonyeza, zile zisizochongwa kwa wembe wala kichongeo. Ukimkuta mtu wakati wa mapumziko amekaa chini ya mti, ameifungua penseli vipande vipande na kuvipanga juu ya leso, usidhani amerukwa na akili. Huyo ni mmoja wetu. Tunabadilishana risasi, tunapima uzito wa chuma viganjani, tunabishana ipi inaandika vizuri zaidi. Ni katika mabishano hayo ndipo nilipolikuta jina la Tokuji Hayakawa, na tangu siku hiyo halijanitoka kichwani.

Kwanza nieleze ni nini hasa tunachokipenda, ili msomaji asije akaachwa nyuma. Penseli hizi ni za namna mbili kuu. Ipo ile yenye risasi nyembamba kama sindano, ya unene wa milimita 0.5 au 0.7, ambayo wengi wetu hutumia katika jometri. Ipo pia ile ya wachoraji wa ramani za majumba, yenye risasi nene ya milimita 2. Hii ya pili ukiibonyeza meno yake hufunguka, risasi ikateremka kwa uzito wake wenyewe, kwa hivyo usipoikinga kwa kidole itadondoka sakafuni yote. Kampuni ya Caran d'Ache ya Uswisi ilitoa ya kwake ya namna hii mwaka wa 1929, na hadi leo mafundi wanaiheshimu.

Tunaiita risasi kwa mazoea tu. Ukweli ni kwamba ndani yake hamna risasi hata chembe. Ni grafiti iliyochanganywa na udongo na kuchomwa tanuruni, ufundi ulioanzishwa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka wa 1795. Zile nyembamba za leo hushikanishwa kwa aina ya plastiki badala ya udongo ili zisivunjike upesi, na hilo lililetwa na kampuni ya Pentel ya Japani mwaka wa 1960.

Sasa tazama maajabu yaliyomo ndani. Ukiifungua ile nyembamba utaona meno matatu madogo ya shaba, yamekumbatiwa na pete, na nyuma yake pana springi. Ukibonyeza, meno yanasonga mbele pamoja na risasi hadi pete inapokwama. Hapo meno yanapanuka na kuiachilia risasi. Ukiachia kidole, springi inayavuta meno nyuma, lakini risasi hairudi kwa sababu imeshikwa mbele na kipande kidogo cha mpira. Meno yanaishika upya, nyuma kidogo ya pale yalipoishika mwanzo. Basi risasi imetoka kidogo tu, kiasi cha kuandikia. Yote hayo hutendeka mara moja, kwa sauti ya "tik". Sisi wapenzi wa penseli sauti hiyo ni kama muziki, ingawa kwa mwalimu wa zamu saa za masomo ya jioni ni kelele.

Haifai nimpe Hayakawa sifa isiyo yake. Si yeye aliyekuwa wa kwanza duniani kutengeneza penseli ya namna hii. Ndani ya mabaki ya Pandora, meli ya Waingereza iliyozama karibu na Australia mwaka wa 1791, ilipatikana penseli ya chuma yenye kusukuma risasi. Mwaka wa 1822 Waingereza Sampson Mordan na John Isaac Hawkins walipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa penseli yao. Huko Marekani naye Charles Keeran alikuwa akiitengeneza Eversharp karibu wakati ule ule ambapo Hayakawa alikuwa akihangaika na ya kwake Tokyo. Basi kwa nini nimchague Mjapani huyu na kuwaacha wengine? Nimemchagua kwa sababu ya maisha aliyoyaishi kabla ya penseli hiyo na baada yake.

Tokuji Hayakawa alizaliwa tarehe 3 Novemba 1893 katika mtaa wa Nihonbashi mjini Tokyo. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kabla mtoto hajatimiza miaka miwili alitolewa akalelewe na jamaa nyingine. Mambo yakaanza kumwendea mrama akiwa bado hajui kulia vizuri. Mama mlezi alifariki, baba akaoa tena, na mama wa kambo aliyeingia katika nyumba ile hakuwa na huruma. Kijana alipigwa, alinyimwa chakula, na alipofika darasa la pili shule ikaishia hapo. Badala ya vitabu alipewa kazi ya kugandisha viberiti vya karatasi nyumbani, kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane. Wengine wetu hulalamika wakiamshwa saa kumi na moja kwenda kusoma. Mwenzetu huyu aliamshwa, lakini hapakuwa na kitabu.

Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Jirani yao mmoja, mwanamke kwa jina Inoue, alikuwa haoni. Macho yake hayakuona lakini masikio yake yalisikia kilio cha mtoto yule, na roho yake haikustahimili. Mwezi wa Septemba mwaka wa 1901, mwaka ule ule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu, mwanamke huyu alimshika mkono kijana ambaye hajatimiza miaka minane, akampeleka kwa fundi mmoja wa mapambo ya chuma aliyeitwa Sakata. Hebu fikiria, msomaji. Kipofu ndiye aliyemwongoza mwenye macho njiani! Na njia ile aliyomwonyesha ndiyo aliyoifuata mpaka kufa kwake.

Kwa Sakata kijana aliingia kama mwanagenzi. Mwanagenzi wa siku hizo si kama mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha leo mwenye cheti na likizo. Alifagia, alichota maji, alibeba watoto wa tajiri mgongoni, na kazi yenyewe aliiba kwa macho, akitazama jinsi wakubwa wanavyoshika tupa. Lakini alipewa chakula na hakuonewa, na kwake hiyo ilikuwa kama pepo. Pole pole akaruhusiwa kukata, kukunja, kulehemu na kung'arisha. Alitumika zaidi ya miaka saba, na hata muda wake ulipokwisha aliendelea kufanya kazi pale kwa kulipa shukrani, kama ilivyokuwa desturi ya mafundi wa huko.

Alipokuwa na miaka kumi na minane, ubunifu wake ukaanza kujitokeza. Siku moja katika filamu aliona mtu ambaye mshipi wake wa kiunoni ulining'inia ovyo. Wengine walitazama hadithi, yeye akatazama mshipi. Alirudi akabuni bizimu inayoubana mshipi popote upendapo bila kuutoboa matundu. Mwaka huo wa 1912 akapata hataza yake ya kwanza, na oda kubwa ikaingia. Tarehe 15 Septemba 1912 alifungua karakana yake mwenyewe katika mtaa wa Honjo. Mtaji wake haukufika hata yen 50, na 40 kati ya hizo zilikuwa za kukopa. Aliajiri wasaidizi wawili watatu, akawa analala saa chache na kufanya kazi saa nyingi. Akabuni pia mfereji wa maji wa namna mpya. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tumefika penyewe. Mwaka wa 1915 Hayakawa alipata kazi ya kutengeneza vyuma vya ndani vya penseli ya kusukuma risasi. Penseli zilizokuwapo Japani wakati huo zilitengenezwa kwa seluloidi, ile plastiki ya zamani. Zilikuwa nene, zilivunjika upesi na zilionekana kama kitu cha watoto kuchezea. Mtu mwingine angetengeneza vyuma alivyoagizwa, akapokea pesa zake, maneno yakaisha. Hayakawa hakuweza. Aliichukua ile penseli mbovu, akaikalia usiku na mchana. Akatengeneza mrija wa shaba wenye mfuo wa kuzunguka ndani yake kama uzi wa skrubu. Ukiuzungusha mwili wa penseli, risasi inasukumwa mbele taratibu. Ukiuzungusha kinyume, inarudi. Nje akaivika chuma kilichong'arishwa kwa nikeli, kikapendeza kama pambo. Hapa ndipo ule ufundi wa mapambo aliojifunza kwa Sakata ulipozaa matunda. Sisi wapenzi wa penseli tunajua kwamba penseli njema ni mashine na pambo kwa wakati mmoja, na nadhani yeye alilijua hilo kabla yetu.

Je, watu walimiminika kuinunua? Wapi! Wenye maduka ya Tokyo waliitazama wakaguna. Wakasema chuma ni baridi mkononi wakati wa kipupwe. Wakasema haifai kuchomekwa kwenye vazi la kimono. Aliwazungukia siku baada ya siku, akirudi na maoni yao, akirekebisha, akirudi tena, na bado wakaguna. Mambo yakageuka kwa sababu ya vita vilivyokuwa mbali kabisa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimezuia bidhaa za Ujerumani, na wafanyabiashara wa nje waliokuwa bandari ya Yokohama wakawa wanatafuta penseli za kupeleka Ulaya na Marekani. Waliiona ya Hayakawa, wakaagiza kwa wingi. Wenye maduka wa Tokyo waliposikia kwamba wageni wanaigombania, ghafla chuma hakikuwa baridi tena! Binadamu ndivyo tulivyo. Nabii hakosi heshima isipokuwa kwao.

Mwaka wa 1916 aliiboresha zaidi, akaitilia risasi nyembamba kuliko ile ya kwanza, akaipa jina la Kiingereza lenye maana ya penseli iliyo tayari na kali daima: Ever-Ready Sharp Pencil. Jina likafupishwa likawa Sharp Pencil. Wanachama wenzangu wa chama cha Kiswahili, hapa pana utamu wa kiisimu. Wajapani walilichukua jina hilo wakalitamka kwa ulimi wao, wakalifupisha zaidi, na leo mwanafunzi wa Japani akitaka penseli yoyote ya kubonyeza, iwe ya kampuni gani, huomba "shapen". Jina la bidhaa moja limekuwa jina la jamii nzima ya vitu. Sisi nasi si tunafanya vivyo hivyo? Mtu huenda dukani akataka Omo na kumbe anataka sabuni yoyote ya unga. Na ile "biro" tunayoombana darasani kila siku imetokana na jina la László Bíró, Mhungaria aliyevumbua kalamu ya kidoto. Lugha haina mipaka, hupokea na hutoa.

Biashara ikashamiri. Ndugu yake wa damu, ambaye walitenganishwa utotoni, walikuwa wamekutana tena na sasa wakafanya kazi pamoja. Kazi ikagawanywa, kila mfanyakazi akawa na hatua yake moja, penseli ikapita kutoka mkono hadi mkono mpaka ikakamilika. Kufikia mwaka wa 1923 walikuwa na wafanyakazi wapatao 200. Hayakawa alikuwa hajatimiza miaka thelathini. Alikuwa na mke, wana wawili wa kiume, kiwanda, jina na pesa. Mtoto wa kugandisha viberiti alikuwa sasa tajiri. Ingekuwa hadithi ya kubuni ningeishia hapa, tukapiga makofi, tukaenda kula.

Lakini dunia ni mti mkavu. Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita adhuhuri, ardhi ya Tokyo na Yokohama ilitetemeka kwa nguvu isiyosemeka. Ilikuwa saa ya kupika chakula cha mchana na majiko yalikuwa yakiwaka. Nyumba za mbao zikaanguka juu ya moto. Upepo mkali ukaupuliza moto ule ukaenea mitaa kwa mitaa. Watu zaidi ya laki moja walikufa. Mtaa wa Honjo, pale pale kilipokuwa kiwanda cha penseli, ndio uliopigwa vibaya zaidi. Katika uwanja mmoja wa mtaa huo ambako watu walikimbilia usalama, moto uliwazingira na kuua watu wapatao 38,000.

Kiwanda cha Hayakawa kiliteketea. Hilo lilikuwa dogo. Wanawe wote wawili waliangamia katika janga hilo, na mkewe pia. Mimi nimejaribu mara nyingi kuandika sentensi ya kueleza hali aliyokuwa nayo na nimeona hakuna sentensi inayotosha, kwa hivyo ninaiacha hivyo.

Kama kwamba hayo hayakutosha, deni likaja kubisha hodi. Kampuni moja ya Osaka iliyokuwa ikiuza penseli zake ilidai irudishiwe fedha zake, zipatazo yen 20,000. Mtu amezika familia, hana kiwanda, hana mashine nzima, naye anadaiwa. Wenzangu wawili tulipolijadili jambo hili walisema ule ulikuwa ukatili, na kwamba angetoroka tu, kwani nani angemtafuta katika majivu yale? Hayakawa hakutoroka. Alikubali kuwaachia hataza za penseli yake pamoja na mashine zilizosalia, akahamia Osaka yeye na baadhi ya mafundi wake, akawafundisha watu wa kampuni ile jinsi ya kutengeneza penseli aliyoibuni yeye mwenyewe. Mtu akimfundisha mwenzake kazi iliyokuwa yake, huku akijua kwamba haitakuwa yake tena kamwe! Alifanya hivyo kwa miezi kadhaa, deni likaisha.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mwaka wa 1924 Tokuji Hayakawa alikuwa amepoteza kila kitu kinachoweza kuandikwa kwenye karatasi: nyumba, kiwanda, fedha, hataza. Hata penseli yenyewe haikuwa yake. Alibaki na nini? Alibaki na mikono miwili iliyojua kukata na kukunja chuma, na macho yaliyozoea kuona kasoro. Vitu hivyo viwili havikuungua wala havikuweza kudaiwa na mtu. Ndiyo sababu wahenga walisema ujuzi hauzeeki.

Tarehe 1 Septemba 1924, mwaka mmoja kamili tangu siku ya tetemeko, alifungua karakana mpya mjini Osaka. Sidhani aliichagua tarehe ile kwa bahati. Kwanza alitengeneza vijichuma vya kalamu za watu wengine. Kisha, mwishoni mwa mwaka huo, akiwa amepitia duka moja la saa, aliona kitu kigeni kilichotoka Marekani: redio. Ilikuwa ile ya kijiwe, isiyotumia umeme, ya kusikilizwa kwa kuvaa masikioni. Japani ilikuwa bado haijaanza matangazo ya kawaida. Hayakawa hakujua lolote kuhusu umeme, lakini aliinunua moja, akaenda nayo karakanani, akaifungua vipande vipande, kama vile sisi tufanyavyo na penseli zetu. Mwaka wa 1925 alifaulu kuunda redio ya kwanza iliyotengenezwa Japani. Aliiuza kwa yen 3 na nusu, bei nafuu sana kuliko zile za kutoka ng'ambo. Watu wakazigombania. Naye akaipa redio hiyo jina gani? Akaiita Sharp.

Naam, ndiyo Sharp ile ile unayoifahamu. Jina unaloliona kwenye televisheni na vikokotoo lilianza kama jina la penseli. Penseli ilikwenda na wenye deni, jina likabaki, na kampuni nzima ikajengwa juu ya jina la kitu ambacho haikuwa ikikitengeneza tena.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, maana ni marefu. Mwaka wa 1953 kampuni yake iliuza televisheni ya kwanza iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya soko, kwa bei ya yen 175,000. Mwaka wa 1963 ilianza kutengeneza kwa wingi seli za kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Mwaka wa 1964 ilitoa kikokotoo cha kielektroniki kilichotumia transista tupu, chenye uzito wa kilo 25. Kilo ishirini na tano, jamani, kama nusu gunia! Lakini hicho ndicho babu wa kikokotoo kinachokaa leo mfukoni mwako, kwani mwaka wa 1973 kampuni ilikuwa imeshakifanya chembamba cha kutia mfukoni.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo sitayapita haraka. La kwanza ni la mwaka wa 1950. Uchumi wa Japani baada ya vita ulikuwa mbaya na kampuni ilikuwa karibu kufilisika. Mabenki yalisema yatakopesha tu iwapo wafanyakazi watapunguzwa. Hayakawa alikataa kuwafukuza watu wake. Aliona heri afunge kampuni. Habari zilipowafikia wafanyakazi, wapatao mia mbili walijitolea wenyewe kuondoka ili wengine wabaki na kazi. Kampuni ikaokoka. Mtu hawezi kutendewa hivyo na wafanyakazi kama hajawatendea wema kwanza.

La pili ndilo linaloniliza. Hayakawa hakumsahau yule jirani kipofu. Alipokuja kuwa na uwezo, mwaka wa 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alianzisha karakana iliyoajiri askari waliopofuka vitani. Mwaka wa 1950 ikawa kampuni inayojitegemea, watu wasioona wakifanya kazi ya vyuma na kupata riziki kwa jasho lao. Tazama, hakuwapa sadaka, aliwapa kazi. Kile alichofanyiwa na Inoue mwaka wa 1901, cha kushikwa mkono na kupelekwa mahali pa kujifunza ufundi, ndicho alichowafanyia wengine. Wapo watu ambao shukrani zao ni za punda. Za Hayakawa hazikuwa hivyo. Wema hauozi.

Mwaka wa 1970 kampuni ilibadilisha jina rasmi ikawa Sharp, na mzee akawaachia wadogo uongozi wa kila siku. Alifariki tarehe 24 Juni 1980 akiwa na umri wa miaka 86. Kampuni yake imepitia mengi tangu hapo, na mwaka wa 2016 ilichukuliwa na wenye mtaji wa Taiwan. Hayo ni mambo ya biashara, hupanda na kushuka. Penseli nazo zimesonga mbele. Mwaka wa 2008 kampuni ya Mitsubishi Pencil, ambayo haina uhusiano na ile ya magari, ilitoa Kuru Toga, penseli inayoizungusha risasi kidogo kila unapoinua mkono ili ncha ibaki kali daima. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mzee Hayakawa na jina lile alilolitoa mwaka wa 1916. Alilolitamani limetimia, ingawa kwa mikono ya wengine.

Wenzangu, sikuandika haya ili kila mmoja akimbilie dukani kununua penseli ya bei ghali. Penseli ya kawaida ya mti inatosha kumfikisha mtu chuo kikuu. Nimeandika kwa sababu tuna tabia ya kudhani kwamba mtu wa maana ni yule aliyefaulu mtihani, na kwamba aliyeachia shule njiani amekwisha. Nendeni Gikomba au Kamukunji mkasikilize nyundo zile. Ndani ya vibanda vile wamo vijana wa miaka kumi na minane wanaokunja bati na kuona kasoro ambazo sisi hatuzioni. Tunawaita mafundi wa jua kali, na mara nyingine tunasema hivyo kwa kuwabeza. Lakini neno sharp, kwa Kiswahili, si ni kali? Huyu naye alikuwa fundi wa jua kali, tofauti ni kwamba jua lake lilikuwa la Tokyo.

Na kwa wale tulio darasani, lipo somo pia. Mwenzako aliye nyuma, anayehitaji kushikwa mkono, usingoje mpaka uwe tajiri ndipo umsaidie. Inoue hakuwa na mali, na hakuwa na macho. Alikuwa na mkono tu, akautoa. Kutoka kwenye mkono ule ikapatikana penseli, ikapatikana redio, na wasioona wengi wakapata kazi.

Nimefikia ukingoni. Nawaombea wanaofanya mitihani mwaka huu wafaulu, na wenye penseli za kubonyeza wakumbuke kubeba risasi za akiba. Kwaherini kwa sasa, tuonane katika toleo lijalo Mungu akipenda.